Mtazamaji Mmoja

Haya, chekeni kabisa mmalize, ndipo niwasimulie, kwa sababu mimi mwenyewe nikikumbuka najifunika uso kwa mtandio hata nikiwa peke yangu jikoni.

Kazi yangu mwaijua, kufunga kamera na mitandao, na hapa kisiwani Amu fundi wa kike hakosi harusi, maana pale mwanamume hapiti mimi napita, basi siku binamu yangu Salma anatolewa nde (yaani biarusi anaonyeshwa kwa wanawake wenzake, dhahabu mwili mzima, nywele wazi, asumini juu) nilikuwa najiona mimi ndiye mimi. Nyanya yetu yuko Pate, kavunjika mguu, hawezi kupanda boti, na Salma alikuwa amekata shauri: Nyanya asipomwona, yeye hatoki. Nikamwambia, "Tulia, utaonekana Pate kama uko mbele yake."

Nikaweka kamera ikielekea kile kiti cha biarusi peke yake, wanawake wote wamekaa pembeni wasionekane, na kwenye mtandao nikaweka faiawoli, ule ukuta unaoamua nani aingie na nani abaki nje, nikauambia aingie Nyanya tu na tableti yake. Kamera yenyewe haikuwa na nywila (msiniulize kwa nini, niliuamini ukuta). Sasa sikilizeni vizuri: kamera hiyohiyo ndiyo iliyorusha nikaha mchana kutoka msikitini, ikaonekana kwenye TV kubwa nyumbani kwa Bwana Athmani, babake bwana harusi, kwa ajili ya wazee wasioweza msongamano. Nikaha ilipokwisha niliifungia TV ile nje ya ukuta na kwenda zangu, wala sikuizima, na rimoti nikaitia mkobani mwangu kwa sababu watoto walikuwa wanaichezea.

Alasiri ngoma inalia, ukumbi umejaa, udi umetanda, na tableti ya Nyanya haiingii! Najaribu hivi, najaribu vile, wapi. Salma nyuma ya pazia anauliza, "Zena, Nyanya yumo?" "Bado." "Basi na mimi bado!" Mamake ananitazama kwa jicho ambalo nisingemtakia mtu, jasho lanitoka, nikasema moyoni huu ukuta ndio unaomzuia bibi wa watu, hebu niuondoe kidogo tu, Salma akishaonekana nitaurudisha. Nikaufungua wote. Yeyote, kutoka popote, karibu ndani.

Papo hapo kompyuta ikaandika: mtazamaji mmoja.

"Yumo! Nyanya yumo!" Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani hata Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, walivisikia. Salma akasema amaliziwe asumini atoke, na mimi kwa furaha nikaona si vizuri Nyanya kukaa anatazama kiti kitupu, nikaruka mbele ya kamera, dera langu jembamba, kichwa wazi, "Shikamoo Nyanya! Ngoja nikuonyeshe mkwe wenu anavyotembea!" Nikaanza kumwiga Bwana Athmani. Mwamjua, anaburuta mguu, anakohoa kabla ya kila neno, na hana adui duniani isipokuwa punda wa watu. "Kho! Kho! Nani... kho!... nani kafunga punda mlangoni kwangu?" Wanawake wakaanguka kwa kicheko, nami nikizidi kuchekewa nazidi kuburuta mguu.

Katikati ya raha hiyo kikapu kikaanza kulia. Simu zote zilikuwa kikapuni kwa Bi Rehema, mlinzi wetu wa mlango, ndiyo kawaida yetu, hakuna simu ukumbini (hata yangu mimi fundi aliichukua), na sasa zinalia kwa pamoja, kila mume anampigia mkewe. Mmoja akaomba yake, Bi Rehema akakumbatia kikapu. "Haitoki simu hapa mpaka biarusi arudi ndani!" Kisha mlango ukagongwa kama unataka kuvunjwa, Bi Rehema akasikiliza kwa nje, akarudi amekunja uso. "Zena, ni kaka yako Twalib, nadhani amelewa jua. Ati Bwana Athmani wako wawili, mmoja amesimama mbele ya TV na mwengine yumo ndani ya TV."

Wallahi! Nikakimbilia kompyuta, nikatazama huyo mtazamaji mmoja anatoka wapi, na anwani nikaijua, ni ya ile TV niliyoiacha inawaka, niliiandika kwa mkono wangu mchana. Na wakati huohuo pazia linatikisika, mkono wa Salma wenye hina umeshatokeza, kina mama wameanza kuimba!

"Rudi! Salma rudi! Wanaume wanatuona!" Nilijitupa juu ya kamera na leso mkononi, kamera ikaenda chini, mimi nikaenda nayo, na nilipoishia ni kwenye sinia la halua, nimekaa kitako. Wanawake wanakimbia huku na huku kutafuta mabuibui, mmoja kajifunika zulia, na mimi na halua yangu natambaa kwenda kung'oa waya.

Twalib alinieleza baadaye yaliyokuwa kule kwa Bwana Athmani, wanaume walikokuwa bado wamekaa na kahawa zao. Rimoti hakuna, waya wa TV uko nyuma ya kabati la mvule lisilosogea, basi Bwana Athmani aliamrisha wanaume wote wageukie ukuta, akasimama yeye mbele ya TV ametandaza joho lake kuziba, akikohoa kwa hasira, na nyuma yake mimi nikikohoa vilevile. Wanaume wa heshima wameegemea ukuta mabega yanatikisika.

Salma alinishika mikono. "Niambie kweli. Nimeonekana?" Nikaapa kwamba ni vidole tu, na hapo leso ilikuwa imeshafika. Aliponiamini tukalia wote wawili. Kesho yake nikapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nikaanzia kwa Bwana Athmani, nimemrudishia rimoti kwa mikono miwili. Akaipokea. "Kho! Mguu ninaoburuta ni wa kushoto, mwanangu."

Lakini la kuniua lilikuja kwa simu kutoka Pate. "Zena, mbona harusi mumeifanya ya siri? Nimekaa na hili dude tangu asubuhi, hata ukucha wa biarusi sikuuona!" Kumbe tableti haikuwa na bando. Ukuta haukuwa na kosa lolote. Niliufungulia ulimwengu mzima, na aliyekosa kuingia ni yeye peke yake.

Tukampeleka Salma mwenyewe, na dhahabu yake yote chini ya buibui. Nyanya akamshika kidevu, akamgeuza kulia na kushoto, machozi yanamtiririka, akamtazama mpaka akatosheka. Mimi nimejibanza pembeni, nimeshaapa kwamba sifungui ukuta kwa haraka za watu wala simwigi kiumbe yeyote maishani mwangu.

"Na wewe fundi, ndoo hapa," Nyanya akaniita kwa Kipate chake, anapangusa macho. "Huyo mkwe wetu atembeaje?"

Nikafunga mlango. Nikafunga na dirisha. Nikakusanya simu za wote nikaziweka uani chini ya ndoo, nikarudi, nikaanza kwa mguu wa kushoto.