Nusu Fainali Niliyokuwa Nikiikatisha

Kila Jumamosi asubuhi, nikirudi kutoka zamu ya ghala karibu na uwanja wa ndege, nilimwekea baba mechi ileile: nusu fainali ya kombe la taifa la Sweden, ya miaka alipokuwa akiishi kule na kufagia theluji uwanjani. Mchezo wenyewe unaitwa bandi. Watu kumi na mmoja kila upande wanateleza kwenye barafu pana kama uwanja wa mpira, wakigombania kampira kadogo kekundu kwa magongo. Mimi kampira hako sikukaona hata siku moja. Baba alikaona, ingawa jina langu lilishampotea.

Kule mashabiki huenda uwanjani na mkoba wa ngozi wa kiofisi, ndani yake chupa ya kitu cha moto na vikombe. Baba alikuja na mkoba wake Toronto. Basi ilibidi nimjazie chai ya tangawizi, nimvishe koti na kofia, ndipo akae kwenye kochi mbele ya tivii, kwenye nyumba yetu ya ghorofani Rexdale, hita ikiwaka. Ukimwambia avue koti anakuuliza umeona wapi watu wanaangalia bandi vifua wazi.

Tatizo lilikuwa mwisho wa mechi. Timu yake ilifungwa, na mashindano yale ni ya mtoano, ukifungwa umetoka. Mara ya kwanza ilipoisha, baba alisimama na mkoba wake. "Haya, tumetolewa. Twende nyumbani, mama yako anangoja." Nikamwambia ukweli, kwamba mama alishafariki. Alilia sana, na kesho yake hakukumbuka kwa nini macho yamevimba. Tangu siku hiyo, mapumziko yakifika nilirudisha mechi mwanzo. Sikutaka afiwe tena.

Mimi sikuwa nimelia mama alipofariki. Daktari alinipigia nikiwa kwenye basi la Kipling, akanieleza kwa Kiingereza safi kwamba wanasikitika, nikamshukuru. Halafu nikaanza kuwapigia wengine, shangazi, wajomba, watu wa kanisani, kila mmoja nikimwuliza kwanza kama amekaa, kama amekula. Nilipomaliza nikasonga ugali. Nilikuwa nimekufa ganzi, na ukweli ni kwamba niliizoea.

Jumamosi moja zamu ilinichosha mno, usingizi ukanipitia pale kwenye kochi kabla ya mapumziko. Nilipozinduka tivii ilikuwa kimya. Baba alikuwa amesimama mbele yangu, koti mwilini, mkoba mkononi. Nikajua mechi imefika mwisho, nikaanza kutafuta uongo wa haraka.

"Tumetolewa," alisema.

"Pole, baba."

Hakwenda mlangoni. Alikaa kando yangu, akafungua mkoba, akanimiminia chai.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Kunywa kwanza."

Nikanywa. Ilikuwa imeshapoa. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyetoka safari, asiyejua kilichotokea nyumbani. Kisha akakichukua kikombe, akakiweka chini, akanishika mkono.

"Mwanangu, jikaze. Mama yako hatunaye tena."

Watu wote niliwaambia mimi. Mimi hakuna aliyekuwa amenikalisha chini.

"Lini, baba?" nilimwuliza, na hapo ndipo nilipoanza kulia.