Mlango wa Nyuma wa Saluni

Mume wa dada yangu ni mkaguzi wa majengo, na mjini wanamwita Bwana Fungua. Jina hilo alilipata kwa sababu akiingia dukani au ukumbini hana salamu. Anakwenda moja kwa moja nyuma, anasimama mbele ya mlango wa dharura na kusema, "Fungua." Ole wake mwenye duka atakayeanza kupapasa mifuko akitafuta ufunguo. Mlango wa kutokea hauna biashara na ufunguo, ndivyo anavyosema. Lazima ufunguke kwa ndani kwa kusukumwa mara moja, ufungukie nje, kule watu wanakokimbilia, na mbele yake pasiwe na hata kreti ya soda. Siku ya msiba wa baba yetu alihamisha kwanza viti vilivyoziba mlango, ndipo akatoa pole. Mama bado hajamsamehe.

Dada naye ana kipaji chake. Watu husema anashuku, lakini hawamwelewi. Dada anajua, ila ushahidi ndio bado hajaupata. Fundi cherehani akimletea gauni, anadai na mabaki ya kitambaa, ayapime. Simu ikikatika katikati ya maongezi, anataka kujua nani alikuwa anasikiliza. Mimi ni mdogo wake, tumbo moja, lakini nikimtembelea bila taarifa ananiuliza nimetumwa na nani.

Sasa hao wawili waweke nyumba moja, halafu uongeze kazi ya shemeji. Wafanyabiashara wa mjini wana umoja kuliko ndugu. Akionekana duka la kwanza, simu zinapigwa mtaa mzima, na akifika duka la tatu makufuli yote yametolewa na vijia vimefagiliwa. Akigeuka tu, kufuli linarudi, maana wenye maduka wanaogopa wezi kuliko moto. Kwa hiyo shemeji alijifunza kunyemelea. Pikipiki anaiacha mbali, kwa fundi viatu. Koti la kazi analivua na kulikunja. Saa anazotoka hazifanani, na simu yake hulala kifudifudi mezani. Nyumbani hasemi anakwenda wapi, kwa sababu kuna siku dada alimtajia shoga yake mmoja tu, na huyo shoga ana duka la vyombo.

Niambie ni mke gani angeyaona hayo akapata usingizi.

Mambo yaliiva pale shati la shemeji liliporudi likinukia mafuta ya nywele. Dada alilifua. Wiki iliyofuata likanukia tena. Kisha muuza vocha wa mtaa wao, mwanamke ambaye kazi yake halisi ni kuangalia nani anapita na nani, akamwambia kwamba amemwona baba watoto akiingia saluni moja karibu na stendi, na si mara moja, na mwenye saluni ni mwanamke mzuri asiye na mume. Hapo dada hakuhitaji kuongezewa.

Alinifuata kazini kwangu, pale ninapotoa fotokopi, akaniambia nifunge mashine. Nilimwambia labda shemeji yuko kazini tu. Akanitazama kwa huruma, kama anavyonitazama siku zote tukizungumza mambo ya ndoa, kwa kuwa mimi sijaolewa. Nikafunga. Kwa kweli na mimi shati lile lilikuwa limenikaa rohoni.

Tulipofika, pikipiki ilikuwa kwa fundi viatu. Dada aliigusa injini, akanionyesha kidole kana kwamba joto lile limeshakiri kila kitu. Nilidhani tutaingia kwa mbele, lakini akanivuta kwenye uchochoro wa nyuma ya jengo. Mumewe akimwona mbele, alisema, atachomokea huku. Mlango wa nyuma wa saluni ulikuwa wa chuma, mpya, rangi ya buluu bado inang'aa. Kwa nje haukuwa na kitasa. Dada alirudi nyuma akautazama kutoka juu mpaka chini.

"Mlango gani huu hauna pa kushika?" aliniuliza. "Wa kutoka tu, kuingia hakuna. Huu umewekwa kwa ajili ya mtu wa kutoroka."

Kulikuwa na mapipa ya taka ya jengo zima, yale makubwa ya magurudumu. Akalishika lililojaa kuliko yote, akalisukuma huku likichuruzika maji machafu, akalibana kwenye mlango. Magurudumu akayawekea matofali. Nikamkumbusha kwamba mumewe anafunga biashara za watu kwa jambo kama hili. Akasema basi leo mwenyewe atauonja utamu wake. Mikono akaipangusia kwenye khanga, akazunguka mbele, nami nyuma yake.

Saluni ilikuwa ndefu na nyembamba. Pande zote mbili wanawake walikuwa wamekaa, wengine wanasukwa, wengine wameinamia simu chini ya yale makofia ya kukaushia nywele. Mwisho kabisa kulikuwa na kijia, na kwenye kijia shemeji, ametupa mgongo, futi ya chuma mkononi. Kando yake alisimama mwenye saluni, mikono ameifumbata kifuani. Alikuwa mzuri kweli. Lakini mwanamke anayemngoja mpenzi hasimami vile. Yule alikuwa anangoja hukumu.

Msusi wa karibu na mlango ndiye aliyetunong'oneza habari, akidhani sisi ni wateja. Mkaguzi alikuta hapa mlango wa mbao uliofungukia ndani, una komeo na kufuli, na maboksi ya nywele yamepangwa mbele yake mpaka juu. Akatoa onyo. Mwenye saluni akabadilisha mlango, lakini mkaguzi hakuamini kwamba hauzibwi akiisha kuondoka, akawa anawaibukia asubuhi, mchana na jioni. Leo ndiyo mara ya mwisho. Mlango ukigoma kufunguka anabandika karatasi nyekundu, saluni inafungwa, na wao wote wanarudi nyumbani kwa watoto mikono mitupu. Akatuambia tusiwe na wasiwasi, mlango ni mzuri, yeye mwenyewe ameufungua asubuhi.

Dada aligeuza macho kule kijiani.

Shemeji hapimi mlango kwa mabavu yake. Humtafuta mtu mnyonge kuliko wote waliomo, maana huyo ndiye atakayeachwa siku ya moto. Aliangaza macho, akamwomba bibi mmoja mwenye rola kichwani asimame. Bibi akajikongoja na fimbo yake, akicheka kwamba leo amepewa cheo. Akaweka kiganja kwenye chuma cha kusukumia. Mlango ukasogea upana wa kidole, ukakwama. Bibi akaegemeza fimbo ukutani, akasukuma kwa mikono miwili, kisha kwa bega. Hakuna. Kutoka kwenye ule upenyo ikaingia harufu ya taka.

Shemeji alijaribu mwenyewe, kisha akamgeukia mwenye saluni. Hakupaza sauti. Alimuuliza nani anamzibia kwa nje, ni mlinzi, au ni ndugu yake. Mwenye saluni akala yamini kwa watoto wake kwamba hajui. Shemeji ameapiwa na watu wengi mbele ya milango iliyofungwa, na nilimwona usoni kwamba hamwamini hata kidogo. Akafungua mkoba akatoa karatasi nyekundu. Yule mama akakaa chini sakafuni, kwenye nywele zilizokatwa.

Nilimtazama dada. Uso ulikuwa umempauka. Tuliojua tulikuwa wawili tu, na huko uchochoroni hakuna aliyetuona. Akanishika kiganja cha mkono, akaanza kunivuta taratibu kuelekea barabarani.

Hapo ndipo shemeji alipogeuka akatuona. Macho yakamtoka, kisha yakawa madogo.

"Kumbe ni wewe," alimwambia mkewe. "Ni wewe unayewatonya watu kwamba nakuja. Ulichelewa leo, eh?"

Dada angeweza kulibeba hilo akaenda nalo nyumbani. Angenuniwa siku chache, basi. Alikuwa ameshafungua mdomo, na mimi ninamjua, alikuwa anatafuta uongo wa kumfaa. Lakini yule bibi, aliyekuwa bado anajisugua bega, akamgusa shemeji mkono.

"Mwanangu, labda sikusukuma vizuri," alisema. "Usimfungie huyu kwa sababu yangu. Ngoja nijaribu tena."

Akaugeukia mlango, akaweka tena lile bega bovu.

"Acha, bibi," dada alisema. "Nimeuziba mimi."

Tulitoka wote kwenda uchochoroni, mpaka wanawake wenye nywele nusu. Dada aliondoa matofali kwa mikono yake, akavuta pipa, asikubali mtu amsaidie. Bibi, aliyekuwa amebaki ndani, akaurudia mlango, na safari hii kiganja kimoja kilitosha.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Mlango ukikutwa umezibwa, na aliyeuziba hajulikani, lawama ni ya mwenye biashara. Akijulikana, inaandikwa yake. Shemeji alishika kalamu, akamsogelea dada, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukaguzi nikamsikia akimpa mtu njia ya kupenya. Aseme tu, alimnong'oneza, kwamba alikuwa anasogeza pipa apite. Maana karatasi ile ingesomwa ofisini kwake, na wakubwa wake, na makarani wanaompenda na wasiompenda.

Dada alimtazama mwenye saluni, ambaye bado alikuwa na nywele za watu zimeganda kwenye sketi. Nadhani aliona kwamba maneno yale yangemwachia yule mama shaka mgongoni, kwamba nyuma kwake mapipa husogezwa sogezwa hovyo.

"Hapana," alisema. "Andika nimeziba makusudi."

"Sababu?" shemeji aliuliza, na sauti haikuwa ya mume.

"Wivu. Nilidhani uko na huyu, nikataka usiponyoke."

Msusi mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Shemeji aliandika. Aliandika neno lenyewe, nililiona. Kisha akamwagiza mwenye saluni asimike nguzo mbili fupi za chuma huko nje, mlango unapoishia kufunguka, pipa lisiweze tena kusogea pale, na karatasi nyekundu akairudisha mkobani. Yule mama hakumshukuru wala hakumtukana dada. Alikwenda kumtoa bibi rola.

Tulirudi kwa miguu, shemeji akiikokota pikipiki kando yetu. Dada alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi hauji. Alivumilia mpaka kwenye kona, akashindwa.

"Sema basi," alimwambia. "Nimekuaibisha mbele ya mji mzima. Sema."

Shemeji hakumtazama.

"Ungenifungia mimi peke yangu," alisema, "ningecheka mpaka kesho. Lakini mle ndani mlikuwa na yule bibi."

Dada alisimama katikati ya njia. Nimemwona dada yangu akilia kwa hasira mara nyingi, na kwa ushindi pia, lakini siku ile alilia kwa kuogopa, viganja vyenye uchafu wa pipa amevikunjua mbele yake, anavitazama. Watu wakatupita wakigeuza shingo. Shemeji aliisimamisha pikipiki pembeni, akamngoja.