Abee Iliyochelewa

Nyumbani kwetu Kisauni, karibu na kengele ya zamani, kulikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Bibi akikuita, unaitika abee. Si "eeh", si "nakuja", wala si kumaliza kwanza ulichoshika ndipo umjibu. Ukichelewa alikufinya sikio, na hakuwa akifinya kwa mzaha. Kaka zangu nao walitakiwa kuitika naam, lakini wao walisamehewa mara moja moja. Mimi sikusamehewa hata siku moja, na moyoni nilimwona mkorofi tu.

Sisi ni watu wa misheni. Kijiji chetu kilianzishwa na watu walioteremshwa kutoka kwenye manowari za Waingereza, baada ya kuokolewa katika vyombo vya wauza watumwa. Wengine walikuwa watoto wadogo wasiojua hata wametoka nchi gani, na Bibi alikuwa mmoja wao. Hilo tulilijua, lakini halikuzungumzwa. Watoto wa mitaa mingine wakitutania kwa asili yetu tuliwarushia mawe, kisha tunarudi nyumbani bila kumwuliza Bibi lolote.

Miaka michache kabla ya uhuru, akina mama wa kanisani kwetu walipanga safari ya kwenda Unguja, kulitazama lile kanisa kubwa la Mkunazini lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzijuzi, najiona najua kila kitu ila kupanda meli. Mama akasema siendi bila Bibi. Bibi akasema, "Unguja naijua kwa jina, yanitosha." Basi nikamwandama. Nilimwandama jikoni, nikamwandama kisimani, nikabembeleza, nikanuna, nikasusa chakula cha watu, mpaka siku moja akachoka. "Haya, twende," akasema, "usije ukaniandama mpaka kaburini." Nikaruka kwa furaha. Nikiikumbuka furaha ile mpaka leo, naona aibu.

Melini nilikuwa shujaa. Akina mama wakitapika, mimi nilikula mahamri yao. Tulipofika, nilimwambia mwenyeji wetu, mama mmoja wa Kiunguja, kwamba hii ndiyo mara yangu ya kwanza kufika ng'ambo. Akacheka sana. "Hapa si Ng'ambo, mwanangu. Ng'ambo kule, ukivuka daraja." Ng'ambo kwao ni mtaa. Njiani tulikuta bendera nyekundu ya Sultani, ileile iliyokuwa ikipepea kwetu Mombasa, na samaki anukiaye vilevile. Nikaudhika kidogo kwamba nchi ya ugenini imefanana na kwetu.

Kanisa lenyewe halikuniangusha. Mzee aliyekuwa akilitunza alituonyesha nguzo kadhaa zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Alisema mafundi waliachwa peke yao wakazisimamisha walivyoona wao, na aliyewaagiza aliporudi alikuta mambo yameshakwisha. Tulicheka mpaka mwangwi ukatucheka sisi. Kisha akatuonyesha duara sakafuni mbele ya madhabahu, akasema hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watu na kuchapwa. Kicheko kikakatika. Bibi alilizunguka duara lile kwa mbali, ameinua pindo la kanga yake kidogo, kama mtu anayekwepa maji yaliyomwagika.

Ndipo mzee akatuambia kwamba chini ya jumba la jirani kuna vyumba walimofungiwa watu wakingoja kuuzwa, na anayetaka kuona amfuate. Bibi akaketi barazani. "Mimi sishuki," akasema. "Nenda wewe, kisha uje unihadithie."

Nilishuka mbele, hata kabla ya wakubwa zangu. Ngazi zilikuwa za mawe, fupifupi, na dari lilikuwa chini hata nikalazimika kuinama. Mzee alikuwa na taa ya kandili. Alituonyesha chumba cha kwanza, akasema maneno machache, akaingia cha pili na wengine wakamfuata. Mimi nilibaki nyuma, nikitaka kukaa kwenye kibaraza cha jiwe kilichokuwa ukutani nione kilivyo. Taa ikaenda zake na wao.

Nilikuwa nimejitayarisha kusikitika. Kuogopa sikukutazamia kabisa, maana giza nililizoea. Umeme kwetu ulikuwa wa wazungu wa Nyali. Lakini pale nilipoinama na shingo ikaniuma, lilinijia wazo moja tu: mtoto angesimama humu wima. Bibi, wa kimo alichokuwa nacho wakati ule, angesimama humu wima. Nikachuchumaa palepale gizani, nimeushika ukuta.

Nikasikia jina langu. Bibi alikuwa ananiita kutoka juu, kwa sauti yake ya kila siku, sauti ya kuniuliza kama nimeanua nguo. Nilitaka kuitika. Haki ya Mungu nilitaka, lakini ulimi ulikuwa umekauka. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na safari hii sauti haikuwa ya kila siku. Halafu nikasikia ndara zake kwenye ngazi.

Alishuka peke yake, mwanamke mzee mwenye magoti mabovu, bila taa, akipapasa ukuta na kuniita kila kipandio. Alinipata kwa mikono. Alinishika kichwa, masikio, mabega. "Mbona huitiki?" akasema. "Mwanangu, nakwita, mbona huitiki?"

"Abee," nikasema, kwa sauti ndogo sana. Nilingoja kufinywa. Hakunifinya. Alinishika mkono, akaanza kuipapasa ngazi ya kurudi.

Tulipandishana juu, tukaketi barazani kwenye jua. Wengine walikuwa bado chini. Hapo ndipo aliponiambia, bila kunitazama.

"Nalikuwa na dada yangu. Tulipofikishwa pwani tuliwekwa ua mmoja, mna magunia. Siku ya kupakiwa nikajificha nyuma ya magunia. Nikamsikia dada aniita. Aniita, aniita. Nami nikanyamaza, nikaona nikiitika watanishika. Wakamtia chombo cha mbele. Mimi wakaniona baadaye, wakanitia cha nyuma, na hicho cha nyuma ndicho kilichoshikwa na manowari. Cha mbele kikenda zake."

Nikamwuliza dada yake alimwita kwa jina gani.

"Jina langu la kwetu. Silikumbuki. Hata lugha yenyewe siikumbuki. Naikumbuka sauti."

Niliporudi melini sikula mahamri ya mtu. Nililala kifudifudi nikiwaza jambo moja ambalo sijaacha kuliwaza. Kama Bibi angeitika, angepanda chombo cha mbele. Hakuna Kisauni, hakuna mama yangu, sipo mimi, wala hilo sikio la kufinywa halipo. Sisi sote nyumbani, tunaogombania ugali na kuimba kwaya, tumetokana na mtoto aliyeitwa akanyamaza. Siwezi kutamani kwamba angeitika. Kufurahi kwamba hakuitika nako nashindwa, maana naona nachukua kitu cha yule dada.

Siku hizi nasikia wako wanaosema vyumba vile huenda vilikuwa stoo ya dawa tu, vikaja kupewa hadithi baadaye. Labda. Hainipunguzii kitu. Bibi alishuka mle akiamini alichoambiwa, na aliyemshusha ni mimi, kwanza kwa kumwandama na halafu kwa kunyamaza.

Tangu siku ile hakunifinya tena. Nikichelewa kuitika alikuja mlangoni, akasimama, akaniangalia mpaka ahakikishe ni mimi, kisha akarudi ndani. Heri angenifinya. Nikazoea kuitika hata kabla hajamaliza kutamka jina, nikiwa kisimani, nikiwa chooni, nikiwa nimelala.

Aliugua, akawa wa kitandani, mwaka uleule wa uhuru. Watu walikuwa wanapaka nyumba chokaa na kushona nguo mpya. Adhuhuri moja nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kando ya kitanda chake nachagua mchele, Mama yuko jikoni. Bibi hakuwa na mkubwa wake aliyebaki kijijini. Sikuwahi kumsikia hata mara moja akimwitikia mtu. Ghafla akainua kichwa, akautazama mlango.

"Abee," akasema.

Nikageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Abee, dada. Niko huku."

Mama akauliza kutoka jikoni ni nani anayemwita Bibi. Sikumjibu. Akaniita mimi, kwa jina langu, mara mbili, tena kwa ukali. Nikaushika mchele usitikisike kwenye ungo, nikanyamaza, nisije nikamkatiza.