Njia ya Nukta Nukta Mpaka Ujiji

Wiki ya tatu tangu bodaboda inigonge kwenye lami, baiskeli yangu ilikuwa bado imeegemea ukuta, nami nikienda kufundisha Ujiji kwa miguu. Mume wangu, fundi cherehani pale soko la Mwanga, akasema tuiuze. Thubutu! Lakini ukweli niliogopa. Nikisikia pikipiki nyuma yangu, nilirukia mtaroni.

Jirani yetu, mzee mpima ardhi aliyestaafu, ana ramani ya karatasi ya siku zake za kazi. Hata hajamaliza kuitikia shikamoo yangu, nilikuwa nimeshaitandaza sakafuni kwake. Jamani! Mistari myembamba ya kahawia, ikibanana ujue ni mlima, ikiachana ujue utapumua. Na kando ya ziwa, nukta nukta: njia ya miguu, kutoka chini ya kwetu mpaka Ujiji, haigusi lami hata kidogo. Nikaomba niiazime.

Jumamosi nikaenda kuitafuta, nikikokota baiskeli. Ilikuwepo kweli. Ikapita nyuma ya nyumba, ikateremka vizuri tu, halafu ikaingia ziwani. Mchikichi mzima umesimama ndani ya maji! Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwalimu, hiyo ziwa lilishaichukua. Sisi tunapita kule juu."

Hiyo ya juu haimo kwenye ramani. Akanielekeza, nikaifuata na kuichora kwa penseli: shamba la michikichi, bomba la maji, ukuta wa msikiti. Kila kona nilitaka kujua kuna nini mbele. Nikafika Ujiji, ila mahali pamoja, hapakwepeki kabisa, nilivuka lami. Nikapaweka alama.

Jioni mume wangu akaigusa ile alama kwa kidole. "Hapa unavuka?"

"Navuka."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Akarudi kwenye ugali wake. Nilikasirika. Hata hongera?

Jumatatu nikapanda baiskeli. Michikichini nilikuwa naimba. Nilipoiona lami, nikashuka.

Ndipo nikamwona. Yuko katikati ya barabara, utepe wa kupimia shingoni, mikono yote miwili juu, bodaboda zinampigia honi na yeye anazifokea.

"Pita, mke wangu! Pita!"

Nikapanda tena, nikavuka huku nalia.