Mashine Iliyozimwa Siku ya Mazishi

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne. Bilhah Atuti anafungua mlango wa chumba cha seva katika Kiwanda cha Chai cha Chemoiwet, karibu na Kabianga, na anakuta taa haijawashwa. Katika miaka sita hajawahi kufika wa kwanza. Anachemsha chai ya watu wawili. Saa mbili, simu inalia.

Isaiah Kipchirchir, fundi mkuu wa kompyuta, amefariki barabarani. Pikipiki aliyopanda imegongana na trekta la kuni.

"Nilimwaga kikombe chake dirishani," Bilhah anasema. "Sikujua nifanye nini kingine na ile chai."

Bilhah, 33, alizaliwa katika nyumba za wachumaji, wazazi wake wakiwa Wakisii waliotoka Nyamira, nchi ya ndizi, kutafuta kazi. Isaiah ndiye aliyemtoa kwenye mizani ya majani na kumfundisha ufundi. Bilhah alimwita Mwalimu.

"Nikikosea, aliniambia, 'Mkisii, hata ndizi huiva. Wewe utaiva lini?' Halafu ananisogezea kiti."

Wiki hiyo ilikuwa mbaya hata kabla ya simu kulia. Hesabu ya kilo elfu sitini za majani kwa siku, pamoja na saa za kunyausha na kukausha, zote zinatunzwa na mashine pepe moja, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya seva. Seva yenyewe ilikuwa ya zamani, na ilikuwa imeanza kujizima kwa joto. Ikifa malori yakiwa getini, majani hayapokelewi, na majani yakikaa ndani ya magunia huchemka na kuharibika.

Mashine hiyo haikuwa imezimwa kwa miaka minne. Hapo ndipo ilipokuwa fahari ya Isaiah. Alipoletewa seva ya pili, yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, mpya zaidi ya kampuni ile ile, aliiagiza ifiche ujuzi wake wa ziada, ijifanye mzee kama mwenzake. Basi mashine ikawa inahama kutoka seva moja hadi nyingine ikiwa macho, na wapimaji wa majani hawajui kitu.

Mwezi wa tatu radi iliichoma ile ya pili. Iliyoletwa kuchukua nafasi yake ilitoka kampuni nyingine kabisa.

Jumatano, Bilhah alijaribu kuihamisha mashine. Ilikataa. Alibadilisha nyaya. Alipima mtandao. Alihakikisha nafasi ya kuhifadhi inatosha. Ndipo aliposoma ujumbe wa hitilafu polepole, kama alivyofundishwa: prosesa hazilingani. Alijaribu mbinu ya Mwalimu ya kuficha ujuzi. Ikakataa tena.

"Ile mbinu ni ya ndugu wa nyumba moja," anaeleza. "Hawa hawakuwa ndugu."

Alhamisi alifanya kosa ambalo bado linamuuma. Aliilaza mashine bila kuizima kwenye seva ya zamani, akaihamisha ikiwa usingizini, akaiamsha kwenye mpya. Iliamka, ikafa kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi.

"Programu ikiwaka, huuliza prosesa inajua kufanya nini. Ikishajibiwa, haiulizi tena mpaka izimwe. Mimi niliiamsha kwenye nyumba ya mtu mwingine, nayo ikaendelea kuagiza vitu visivyokuwepo."

Ilimchukua dakika arobaini kuirudisha kwenye seva ya zamani. Nje, dereva wa lori, Orina, alikuja kugonga dirisha.

"Madam, fanya haraka. Huku nyuma majani yanajipikia chai yenyewe. Nilete maziwa?"

Bilhah hakucheka. Alikuwa ameelewa kwamba mashine lazima izimwe kabisa, ihamishwe ikiwa imezimika, iwashwe upya. Lakini msimu wa mvua kiwanda hakina saa tupu. Usiku kuna kukausha, Jumapili kuna kupokea.

Kuna siku moja tu. Pale Chemoiwet, mfanyakazi akizikwa, vituo vya kununulia majani havifunguliwi. Wakulima huacha majani shambani, na malori hubeba waombolezaji. Isaiah angezikwa Jumamosi, kwao Sigor.

Meneja, Aron Kiptum, hakumlazimisha kukosa mazishi. "Alisema, 'Bilhah, niambie mwenyewe kama hiyo seva ya zamani itafika Jumatatu.' Nikamwambia haitafika."

Jumamosi, malori yaliondoka saa kumi na mbili asubuhi yakiwa na watu waliovaa masweta ya kanisa. Bilhah alibaki na mlinzi. Saa nne, ibada ilipoanza Sigor, aliizima mashine.

Akaihamisha. Akaiwasha. Kioo kikabaki cheusi.

Alitafuta kwa saa tatu. Katikati ya mipangilio alikuta mstari mmoja ambao Isaiah aliuandika kwa mkono wake, miaka minne nyuma: jina kamili la prosesa ya zamani, ambalo mashine ililazimika kulitafuta kila inapowaka. Kwenye seva mpya jina hilo halikuwepo.

"Niliukodolea macho. Ilikuwa kazi yake. Nikaufuta, siku ile ile walipokuwa wanamfukia."

Mashine iliwaka saa nane na dakika arobaini. Hakuna rekodi ya majani ya mkulima hata mmoja iliyopotea.

Siku tatu baadaye alikwenda Sigor na sukari na unga. Mjane, Chemutai, alimpokea vizuri, akamkaribisha ndani.

"Nilikuwekea kiti karibu na mama yake," alimwambia. "Kilikaa hivyo hivyo, kitupu."

"Nilikuwa na yeye, Mama."

"Ulikuwa na mashine, Bilhah."

Bilhah anarudia maneno hayo bila kulalamika. Anasema Chemutai hakukosea. Anachotamani ni kupata fundi wa kusaidiana naye, ili aweze kwenda Sigor kupanda maua kaburini, kama alivyomwahidi Chemutai wakati wa kuagana.

Nafasi ya Isaiah haijatangazwa. Meneja amekubali jambo moja: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, vituo vinafunguliwa saa tano badala ya saa moja, ili mashine izimwe na kuwashwa upya. Anayejua kuifanya kazi hiyo ni mmoja, na Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika.