Wiki Sita za Kutojigusa

Nilikuwa nafanya kazi mapokezi katika lojingi moja ya Mtito Andei, na dada yangu mdogo alikuwa karibu kuolewa huko Matiliku. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Kidevuni nilikuwa na madoa machache ya chunusi, ya kawaida tu, ambayo mtu mwingine asingeyaona. Mimi niliyaona kila nilipopita kwenye kioo, na pale mapokezi kioo kilikuwa kimetundikwa mbele yangu.

Mama mmoja aliyeuza vipodozi kwenye meza karibu na kituo cha petroli alinipa kikopo cheupe kisicho na maandishi. "Wiki mbili tu," akaniambia. "Utakuja mwenyewe kunishukuru."

Nilimshukuru kweli. Uso ulilainika, madoa yakafifia, na madereva waliorudisha funguo asubuhi wakaanza kuniambia nimependeza. Nikapaka miezi mitatu. Kisha kikopo kikaisha wakati yule mama amesafiri, na siku ya nne bila krimu niliamka uso ukiwaka kama uliopakwa pilipili. Ngozi ilikaza hata kucheka kukaniuma. Maji yakinigusa tu usoni, nalia.

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Sikuweza kukaa na ule moto bila kufanya kitu. Jumatatu nilisugua kwa limau. Jumatano nikaosha kwa sabuni ya dawa mara nne. Mpishi akaniambia magadi, nikapaka magadi. Mtu mwingine akasema kiluma, ule mshubiri wetu wa porini, nikakata na kujipaka utomvu wake mbichi. Kila kitu nilikipa siku moja, mbili, kisha nikakitupa na kutafuta kingine. Ngozi ikaanza kubanduka kwa magamba, na chini ya magamba ikatoa maji. Meneja aliniangalia siku moja, akaniambia nichukue likizo.

Nikaenda nyumbani Ikutha. Mwaitu, mama yangu, alitoka zizini na mikono yenye maziwa ya mbuzi, akanitazama, akasema neno moja tu: "Dispensari." Hakuninawisha, hakuniombea kwanza, na yeye ni mtu wa kuomba kabla ya kila jambo.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka. Aliniuliza nimepaka nini. Nilipofika kitu cha tisa aliweka kalamu chini.

"Hiyo krimu ya kwanza ilikuwa na dawa kali. Imekondesha ngozi. Halafu wewe mwenyewe ukamalizia kuitoa ile sehemu ya juu inayozuia maji yasitoke na uchafu usiingie. Sasa hata hewa inakuingia."

"Nipake nini basi?"

"Umesikia nilichosema?" Akanikazia macho. "Uoshe kwa maji peke yake, mara moja kwa siku, bila kusugua. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo, uso ukiwa bado na unyevu. Kofia ukitoka. Ukiona usaha, rudi hapa. Basi."

"Kwa muda gani?"

"Wiki sita. Kwanza itazidi, ndiyo ipoe."

Nilitoka nikiwa na hasira. Nilitaka sindano, au tyubu yenye jina gumu. Nilikuwa nimeambiwa nikae.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nilipoyajaribu niliruka. Mwaitu akaingia nyumbani, akafungua mtungi wa maji ya mvua aliyokuwa ameyaweka kwa chai na kwa kunywa, akanichotea kikombe kimoja. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano. Kila asubuhi alinipa kikombe kile, na nilianza kumwona akinywa chai yenye chumvi.

Siku zilikuwa ndefu. Nilitembea kutoka jikoni hadi zizini, kutoka zizini hadi barabarani, nikirudi bila kujua nilifuata nini. Mwaitu alinipa ndengu za kuchagua ili mikono iwe na kazi. Nilichagua debe zima, na bado kidole kikapanda shavuni.

"Wacha," akasema, bila kuinua macho.

"Sijagusa."

"Unakaribia."

Wanawake wa kanisani walikuja Alhamisi kuniombea. Mmoja alileta chupa ya mafuta ya karafuu, akasema yalimsaidia mjukuu wake. Mwaitu aliyapokea kwa heshima, akashukuru, na walipoondoka akayatia kwenye taa ya chemni.

Wiki ya tatu nilishindwa. Mwaitu alikuwa ameenda sokoni. Uso uliwasha vibaya, nikakata limau, nikasugua mpaka damu. Aliporudi alinikuta nimeketi chini jikoni, ganda bado mkononi. Nilidhani atanigombeza. Aliweka kikapu, akaketi karibu nami, akafungua kitambaa cha kichwa na kusogeza uso wake karibu na wangu.

"Haya mabaka mashavuni mwangu nilikuambia ni ya nini?"

"Jua la shamba."

"Ilikuwa sabuni. Kabla sijaolewa. Wakwe walikuwa wamesema mimi ni mweusi sana." Akafunga tena kitambaa. "Mimi hakuna aliyeniambia niwache. Nilisugua miaka miwili."

Nilimwomba maji ya kunawa, akanichotea, na tukaanza kuhesabu wiki upya.

Kwa hiyo arusi ilinikuta katika wiki ya nne ya hesabu mpya, usoni mabaka mabaka, ngozi ikimeta kwa mafuta. Nilimpigia dada simu, nikamwambia atafute msimamizi mwingine.

"Unataka nisimame na nani?" akauliza. "Na rafiki wa ofisini?"

"Picha zitaharibika."

"Basi ziharibike. Uje na hiyo kofia yako."

Nilisimama kanisani Matiliku bila unga wowote usoni, jasho likinichoma kwenye kingo za pua, nikihesabu aya za pasta. Mtoto wa mstari wa mbele alinitazama ibada nzima. Dada alinishika mkono kwa nguvu, na kwa muda ule nilifikiria mkono wake tu.

Mvua ilinyesha wiki mbili baadaye. Ngozi ilitulia polepole, si kwa wiki sita bali kwa miezi minne, na shavu la kushoto limebaki na kivuli ambacho muuguzi anasema huenda kisitoke. Upepo wa kiangazi ukivuma bado linawasha. Sijalizoea. Nilirudi kazini, nikamwomba meneja ruhusa ya kuhamisha kile kioo, akakubali bila kuniuliza sababu.