Lambo la Nikodemo

Kila mwaka, mitihani ya vyuo ikishapita, lazima atokee mzazi mmoja wa hapa kwetu upande wa Kisaka aje kunisumbua. Kijana wake amemaliza uinjinia, sasa akatafute kazi wapi? Wananiuliza mimi Verdiana, niliyeishia darasa la nne, kwa sababu kaka yangu Nikodemo ndiye injinia wa kwanza kutoka kijiji hiki. Huwa nawajibu: popote, isipokuwa hapa. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Nina hasira, na hasira yangu imemzidi umri huyo kijana wao.

Nikodemo alimaliza Chuo Kikuu mwaka ule vita vya Uganda vilipokwisha. Siku hizo hakuna aliyezunguka na bahasha mkononi akibisha milango ya ofisi. Serikali ilikusomesha, na serikali ndiyo iliyokupangia kazi. Yeye alipangiwa kiwanda kimoja kikubwa Mwanza, pamoja na nyumba ya kuishi. Mama yetu, Agustina, alipopata habari alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia migombani.

Baba alikuwa amefariki sisi tukiwa wadogo. Aliyetulea ni mdogo wake, Tomaso, tuliyemwita Tata Tomaso, maana kwetu ndugu wa baba naye ni baba. Simnyimi haki yake. Alimsimamia Nikodemo jandoni, akampandisha lori kwenda sekondari Musoma, akamnunulia na viatu vya kwanza. Kufikia wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Akifungua mkutano alipaza sauti, "Unyonyaji!" nasi tukaitikia, "Zii!" Hakuna aliyelitamka neno hilo vizuri kama yeye.

Huyo Tomaso ndiye aliyesema Mwanza isubiri. Alimkalisha Nikodemo uani, mama akiwepo, mimi nikichambua mboga pembeni.

"Mura, kijana wangu, kazi ya kwanza mtu anaanzia kwao," alisema. "Watu wa Mwanza wana maji ndani ya ukuta. Huyu mama yako anayafuata wapi? Wewe umesoma, sisi tunakutegemea. Mcheza kwao hutunzwa."

Alijua pa kushika. Tangu operesheni ya vijiji, tulipotolewa kwenye maboma yetu kule bondeni na kupangwa kwa mistari juu ya mwinuko huu, maji yalikuwa adhabu. Tuliwekwa karibu na barabara, karibu na shule, karibu na ofisi ya chama, na mbali na mto. Tulitoka nyumbani kukiwa bado na giza, tukarudi jua limeshafika utosini. Mama alikuwa ameanza kushindwa kugeuza shingo kwa ajili ya debe. Nikodemo alimtazama akipanda ule mlima na debe lake, na wiki haikuisha akaenda Mugumu, wilayani, kuomba abadilishiwe kazi. Walimshangaa, lakini wilaya ilikuwa inalilia mtu wa maji, wakampokea kwa mikono miwili. Nafasi ya Mwanza alipewa mwenzake.

Alizunguka na darubini yake ya kupimia hadi akachagua kibonde kilichoko chini ya shule. Alitaka kujenga lambo: tuta kubwa la udongo la kuzuia maji ya mvua, na upande mmoja njia ya kupunguzia maji yakizidi. Saruji haikupatikana miaka ile hata ukalia, kwa hiyo alichagua kitu kisichohitaji saruji. Alichohitaji ni mikono ya watu.

Mikono haikuja. Kengele ya kazi za maendeleo ililia, wakaja vikongwe wachache na walimu, wakakwaruza kidogo, wakaenda zao. Mimi sikuwalaumu. Mtu aliyevunjiwa nyumba kwa amri hachimbi mtaro kwa amri akafurahi.

"Hawa hutawapata kwa kengele," Tata Tomaso alimwambia. "Waite kwa risaga."

Risaga ni yetu tangu mababu. Shamba likikushinda unapika pombe ya ulezi, unaita majirani, wanakulimia, na jua likipoa wanakaa kuzunguka chungu kila mtu na mrija wake. Hakuna kulipana. Sheria yake ni moja, na hata mtoto anayechunga mbuzi anaijua: kilichofanywa kwa risaga ni mali ya mwenye ulezi. Liwe shamba, iwe nyumba, liwe zizi. Ukishatia mrija mdomoni umekubali kwamba kazi ile umemfanyia yeye.

Msidhani Nikodemo alikuwa mjinga aliyelishwa vitabu akasahau kwao. Sheria ile aliijua. Alikaa akafikiri, akasema sawa, risaga iitwe, lakini ulezi utoke ghalani kwa mama. Tata Tomaso alikubali upesi. Aliomba tu pombe ipikwe na kunywewa uani kwake, kwa kuwa ana vyungu vikubwa na nafasi ya kukalisha watu. Nikodemo hakuona ubaya. Ulezi ni wa mama, basi lambo ni la mama, na mama atalikabidhi kwa kijiji mbele ya watu wa wilaya. Hapo maji yatakuwa ya wote na hakuna atakayeyashika peke yake.

Ulezi ule tuliutoa mama na mimi. Ulikuwa akiba yake yote. Kimea nilikisaga mimi kwa jiwe mpaka viganja vikavimba, naye mama alikaa kando yangu akipepeta na kuimba nyimbo za kanisani. Nakumbuka alivyosema, "Verdiana, mwakani nitaoga mchana kama mke wa karani." Tulicheka sana.

Na watu walikuja. Walikuja na majembe, na mashoka, na wake zao na karai. Mzee Waisiko, ambaye kwenye kazi za maendeleo mgongo wake ulikuwa mgonjwa siku zote, alipona. Nikodemo alivua shati akaingia mtaroni pamoja nao. Aliwaonyesha udongo wa mfinyanzi wa kuweka katikati ya tuta ili maji yasipenye. Kwa kuwa hatukuwa na mashine ya kushindilia, akaomba ng'ombe wa kijiji kizima wapitishwe juu ya tuta, waende na kurudi, wakanyage kila tabaka hadi ligandamane. Wazee walifurahi kuona ng'ombe nao wamepewa kazi. Kila ilipoitwa risaga lambo lilipanda, na kila jioni vyungu vilikaushwa uani kwa Tata Tomaso.

Mvua za vuli zilipofika lambo lilijaa. Sitaki kudanganya, nililia. Wanawake tulishuka na ndoo kama tunakwenda harusini. Mama alinawa uso, akanawa tena, akamshika Nikodemo mkono mbele za watu akasema, "Huyu nilimzaa mimi." Kwa muda mfupi tulikuwa watu wenye maji.

Halafu asubuhi moja, kabla watu wa wilaya hawajaja kwa makabidhiano, tukakuta boma la miiba limezungushwa lambo zima. Mlangoni amekaa mchunga ng'ombe wa Tata Tomaso na fimbo yake. Ng'ombe wa Tomaso ndani, sisi nje. Kijana yule akatueleza bila hata aibu kwamba mzee amesema anayetaka maji akapalilie kwanza pamba yake.

Nikodemo alikwenda kwa baba yake mdogo siku ileile. Nilimfuata.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Tata, nani ameweka miiba kwenye lambo?"

"Mwenye lambo."

"Lambo ni la kijiji."

"Kijiji kilipika pombe?" Tomaso aliuliza, huku akichokonoa meno kwa kijiti. "Watu walikunywa kwa nani, mura? Uliza yeyote."

"Walinywea kwako. Ulezi ulikuwa wa mama."

"Basi mama yako atasema," akajibu, akatuaga kwa kutupa mgongo.

Nikodemo alirudi nyumbani amechangamka. Mimi damu ilikuwa inachemka, yeye anapiga mluzi. Aliniambia nisihangaike, Tata ametaja mwenyewe shahidi wa kummaliza. Akapeleka habari wilayani, na afisa akaja na Landrover. Afisa huyo aliitwa Opondo, Mjaluo wa kule Tarime, mtu mtaratibu. Mkutano uliitwa shuleni. Tomaso hakuweza kufungua kwa "Unyonyaji!" siku hiyo, alikaa tu akasubiri.

Opondo aliwasikiliza wote wawili. Kisha akasema, "Hata kwetu Wajaluo tuna saga, ni kitu kilekile. Sitawafundisha mila yenu. Mimi nataka kujua kitu kimoja: ulezi ulitoka kwa nani?"

Watu walitazamana. Mzee Waisiko alisimama. "Afande, sisi tulikuta pombe imeiva. Nilikunywa, siwezi kukana. Nilikunywa kwa Tomaso. Ghala sikuliona. Aulizwe aliyepika."

Mama alisimama. Alikaza khanga kiunoni, akakohoa. Nikodemo alikuwa ameegemea ukuta wa darasa, uso umetulia kabisa, kama mwanafunzi anayejua matokeo yake kabla hayajasomwa. Mama alimtazama Tomaso. Kisha akatazama chini.

"Ulezi ulikuwa wa Tomaso," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaruka juu. "Mama! Ulezi ulikuwa wetu! Nimeusaga mimi kwa mikono hii!"

Wengine wakacheka. Tomaso alitikisa kichwa kwa huzuni ya kununua. "Binti anamwita mama yake mwongo mkutanoni. Ndio malezi gani haya?"

Opondo alinyamazisha watu. Alimwuliza mama mara ya pili, polepole, kama anayempa nafasi ya kugeuza. Mama alirudia maneno yaleyale. Opondo alimgeukia Nikodemo, akasema kama mambo ndiyo hayo, basi wilaya haina lambo hapa. Akapanda gari lake. Watu walitawanyika bila kelele, na wanawake waliopita mbele yetu hawakutaka kututazama. Walikuwa wamechimba pamoja nasi, nao sasa walijua wanakwenda kupalilia pamba.

Tangu ile miiba ilipowekwa nilikuwa nikisema kikulacho ki nguoni mwako, nikimaanisha Tomaso. Sikujua kwamba nguo yenyewe ilikuwa khanga ya mama.

Nyumbani hakuna aliyewasha moto. Nikodemo alikaa kwenye kigoda, mama kwenye mkeka, mimi mlangoni kwa sababu sikutaka kuingia.

"Mama," Nikodemo aliuliza, "ulezi ulikuwa wa nani?"

"Wangu," mama akajibu. Hakuzunguka hata kidogo.

"Sasa kwa nini?"

"Tomaso alikuja jana. Kiwanja hiki ni yeye alinipa. Shamba la mihogo ni yeye alinionyesha. Verdiana ataolewa kutoka uani kwake. Akanikumbusha hayo yote, mwanangu, bila kugomba. Kwetu wazazi wamekufa, kaka zangu wamehama. Nikimuudhi Tomaso ananitoa. Na umri huu niende wapi?"

"Ungekuja kwangu."

"Kwako wapi? Unalala kitanda cha serikali." Alikuwa ameanza kulia, lakini aliendelea kusema kwa sauti ileile ya mtu anayegawa chakula kidogo. "Nilipima. Ilikuwa lazima nimuudhi mmoja. Tomaso hasamehi. Wewe ni mwanangu, nimekubeba. Wewe utanisamehe."

"Mama, niliiacha Mwanza."

"Najua. Utanisamehe, Nikodemo?"

Kaka yangu aliinuka kwenye kigoda. Nilitamani apige kelele. Nilitamani avunje hata chungu. Badala yake alisema, "Ndiyo, mama," akaenda kufunga mizigo.

Aliomba uhamisho akapelekwa Tabora, na huko ndiko alikomalizia kazi yake yote, akiwajengea malambo watu ambao hawakumjua. Kwa mama hakuacha kutuma: sukari kipindi cha uhaba, khanga, dawa za shingo, baadaye mabati. Mwenyewe hakuja, hata Krismasi. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Mwanangu ana moyo wa dhahabu. Alinisamehe siku ileile, jua halijatua." Aliyasema hayo mpaka alipokuwa kitandani kwa ugonjwa wa mwisho, akiniangalia mimi, kwa sababu alijua mimi sikuwa nimemsamehe.

Nikodemo alikuja kuzika. Alitupa udongo wake kaburini, akasimama na mikono nyuma mpaka padri alipomaliza. Watu walipokwenda kunawa, nilimsogelea, nikamshika mkono, nikamwuliza kama ni kweli alimsamehe mama.

"Hapana," akasema. "Alikuwa mama, aliniuliza ana kwa ana. Ningemjibu nini?"

"Hata baadaye?"

"Hata siku moja, Verdiana." Akaniachia mkono, akaenda kusalimiana na wageni waliotoka mbali.